Dakika Kumi Bila Mama

Jumatatu, 24 Juni

Cheti cha darasa la kumi, la mwisho shuleni kwetu, kimekuja kwa posta hadi hapa wodini. Kwa hiyo nimemaliza shule. Sikuhisi chochote.

Nimepewa pia nakala ya kumbukumbu za mkutano wa wiki iliyopita kuhusu matibabu yangu. "Mgonjwa anataka kwenda nyumbani Ijumaa, 28 Juni." Mgonjwa! Mgonjwa hakufungua mdomo. Aliyesema ni Mama, huku amenishika goti — anataka nyumbani, sivyo, kipenzi? — nami nikaitikia kwa kichwa.

Siko tayari.

Jumanne, 25 Juni

Muuguzi Sølvi ameniletea karatasi ya mkutano wa Alhamisi. Majina sita. Eti kwa kuwa nina miaka kumi na sita, mimi ndiye ninayechagua nani aingie. Nisiyemtaka nimkate jina kwa mstari. Nilidhani ananitania. Runa wa chumba cha pili alicheka mpaka akamwaga maziwa. "Shosti, mimi nilimkata daktari mwenyewe! Alikaa koridoni nusu saa anakula tufaha."

Sikumkata mtu. Lakini jina la Mama nimelitazama mpaka herufi zikaanza kucheza.

Jumatano, 26 Juni

Mama amepiga simu. Amepaka chumba changu rangi — njano, ile niliyoipenda nikiwa na miaka tisa. Alivyokuwa na furaha! Nikasema asante mara nne.

Niuandike ukweli mara moja, basi. Nyumbani Mama husimama nje ya mlango wangu kusikiliza kama napumua. Namsikia. Kwa hiyo napumua vizuri, kwa sauti, ili aende akapumzike. Asubuhi namaliza mkate wote na jibini la kahawia ili uso wake utulie. Kutwa kazi yangu ni kupona mbele yake. Hapa naweza kuumwa kidogo bila mtu kulia. Nataka wiki mbili zaidi. Mbili tu!

Ila akiwepo nitaitikia tena. Najijua.

Baada ya chakula nikalipiga jina la Mama mstari kwa penseli. Nikafuta. Nikapiga tena. Sølvi akaona karatasi imetoboka, akauliza kama amwambie Mama yeye. Nikasema hapana. Halafu nikaandika kando ya jina: "aingie dakika kumi baadaye." Sølvi akasoma polepole. Hajawahi kuombwa hivyo na mtu, akasema, lakini inawezekana.

Nimemtumia Mama ujumbe. Sentensi moja, imenichukua saa nzima. Amejibu kwa moyo mmoja mwekundu. Huwa anatuma mitatu.

Alhamisi, 27 Juni

Naandika nikiwa mkutanoni. Eskil, daktari, ameniruhusu — nikishindwa kusema, niandike. Watu watano mezani, wote kimya. Hakuna anayeniharakisha. Hiyo ndiyo mbaya zaidi!

Mama yuko koridoni na trei ya keki ya chokoleti, ya kutosha watu ishirini. Aliponiona alinitengenezea kola. "Na keki, nayo isubiri dakika kumi?" Tukacheka, wote wawili kwa kujilazimisha. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilitaka kumwambia aingie tu. Nilikaribia kabisa.

Dakika nane zimeisha. Nimesema "mimi" mara mbili, nikaishia hapo.

Tisa.

Mlango umegongwa. Kabla ya muda! Mama huyo. Eskil hakuinuka. Amenigeukia mimi, si Sølvi.

"Aingie?"

Kichwa kimeanza kuitikia chenyewe. Nimekishika kwa mkono, kweli, shavuni, kama mtu anayeumwa jino. Halafu nimesema, kwa sauti mpaka Sølvi ameshtuka:

"Bado, Mama. Sijaanza."

Kisha, nyuma ya mlango:

"Sawa, mwanangu. Anza."

Nimesikia trei ikiwekwa sakafuni.