Kucha Zangu Zilizosifiwa Salale

Mpendwa Bi Safina,

Naomba msaada wako, lakini kabla ya msaada naomba unipigie kigelegele kimoja hapo studio, kwa sababu nimeolewa, tena nimeolewa na Mudrick, fundi wa injini za boti mwenye sauti ya upole na mikono inayonukia petroli hata akitoka kuoga, na kila asubuhi nikimwona anatafuta kandambili zake chini ya kitanda chetu hapa Kibiti najiuliza ni dua ya nani iliyopokelewa, yangu au ya mama yangu.

Bi Safina, mimi nina selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao wengi wanauita siko seli. Nimezaliwa nao, na nilipokuwa sekondari niliijua dari ya wodi kuliko ubao wa darasani, maana maumivu yakiniingia kwenye mifupa nilikuwa nalia mpaka sauti inakauka. Kisha daktari akanianzishia vidonge vya haidroksiyurea, nameza kila siku, naenda kliniki kupimwa damu, na mwaka mzima sasa sijalazwa! Siku ya harusi nilicheza kwa miguu yangu mwenyewe, nikapanda boti kutoka Nyamisati kwenda Salale kwao bwana, nimejifunika kanga upepo usinipige, Mudrick kanishikia chupa ya maji, kila mara ananihimiza, "Kunywa, mke wangu, injini isichemke," wanawake wote botini wakacheka, nami nikajiona malkia.

Ila vidonge hivi vimenigeuza rangi ya kucha. Zilianza kwa mistari ya kahawia, sasa ni nyeusi tii, mikononi na miguuni. Daktari alisema hayo ni maudhi ya dawa, hayaumi na kucha zenyewe hazina ubaya. Na Mudrick nilimwonyesha kabla hajaleta posa, nikamweleza ugonjwa na dawa, nikamwambia kama unarudi nyuma rudi sasa. Akazigeuzageuza kama anakagua spea, akasema, "Mimi naoa mtu, sioi kucha." Mwanamume kama huyo nani angemkataa?

Sasa sikia balaa. Kwenye harusi nilipakwa hina, na wanawake wa Salale walipokuja kumtazama bibi harusi hawakutazama gauni wala mkufu, walitazama vidole.

"Loo! Hina gani hii iliyokoza hivi?"

"Hina ikikoza, mwenzangu, bwana kapenda!"

Mama mkwe wangu, Bi Mwanasiti, akaninyanyua mkono kama bendera. "Tazameni! Mkwe wangu huyu, hata hina imemng'ang'ania!" Vigelegele vikalipuka mpaka jikoni. Na mimi nikainamisha macho kama mwali aliyefundwa, nikaiacha hina ibebe sifa za vidonge.

Hina ya viganjani imeshafutika siku nyingi, kucha ziko vilevile. Mama mkwe akipiga simu ananiuliza, "Bado ipo?" nami namjibu, "Bado ipo, mama," naye anakwenda kuwatangazia majirani. Kumbe anaweka akiba! Wifi yangu Mwanaamina anaolewa, na mama amesema mwisho wa mwezi anakuja Kibiti nimpeleke kwa fundi aliyenipaka, anataka binti yake apakwe ileile. "Na unipeleke kwa fundi mwenyewe," kasema, "usije ukanipa mwanafunzi wake!"

Mudrick alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Mpeleke dirisha la dawa," ananiambia. Kisha akaacha kucheka, akasema tumwambie mama ukweli, hatujaiba kitu. Nikamsihi asiseme. Mama huyu hajui kabisa kama naumwa, ananipenda kama wa tumbo lake, na tayari ameshaanza kumpa jina mjukuu. Akisikia si atasema mwanawe kabebeshwa mgonjwa?

Basi, Bi Safina, tangu Jumatatu nimeacha kumeza. Mudrick hajui. Nimeona kucha zitarudi rangi yake kabla mama hajafika, na tena nimesikia dawa hizi hazimfai anayetaka mtoto, nami natamani mtoto wa Mudrick, mwenye kicheko kilekile, hata leo. Mpaka sasa sijaumwa popote. Je, niendelee hivihivi mpaka mama aje na aondoke? Ukisoma redioni badilisha majina, ila furaha yangu iache kama ilivyo.

Bibi harusi, Kibiti

BI SAFINA ANAJIBU

Kigelegele nimekupigia, fundi mitambo wangu ameruka kwenye kiti. Majina nimeyabadilisha, na kijiji nimekihamisha. Hongera, mwanangu. Sasa kaa chini nikugombeze.

Umepata dawa iliyokutoa wodini ikakuweka kwenye harusi yako mwenyewe, halafu unaitupa kwa ajili ya rangi ya kucha! Na hesabu yenyewe haina kichwa. Ukucha hukua taratibu. Hata ungeendelea kuacha, mkweo angefika, angekula, angelala, angerudi kwao, na weusi uko palepale. Ambacho angekikuta kimebadilika ni wewe, umekunjamana kitandani unalia, na yeye hajui akupe nini wala akupeleke wapi, kwa sababu mlimficha. Kutoumwa tangu Jumatatu si ushahidi wa kitu. Ile nguvu unayojivunia ni kazi ya vidonge hivyohivyo.

Kuhusu mtoto, umesikia nusu. Ni kweli dawa hii haitakiwi mtu anapotafuta au kubeba mimba, lakini kuiacha hupangwa na daktari, na unaandaliwa namna ya kulindwa wakati huna dawa. Hajifanyii mtu jikoni kwake. Kwa hiyo leo, kabla hujameza kitu, piga simu kliniki au nenda. Waambie umeacha tangu Jumatatu, waambie na siku zako za mwezi kama zimechelewa. Wakikuruhusu kurudi kwenye dozi, rudi na dozi yako ileile, usimeze mara mbili kufidia. Ukipata homa, maumivu ya kifua au kubanwa pumzi, usinitumie mimi meseji, kimbia hospitali.

Siku ya kliniki nenda na Mudrick. Naye apimwe damu ijulikane kama amebeba vinasaba vya ugonjwa huu, mjue mapema mtoto anaweza kurithi nini. Mpaka daktari aseme haya sasa tafuteni, mkubaliane na muuguzi njia ya uzazi wa mpango inayokufaa. Mjukuu anasubirika. Jina lake haliozi.

Na leo usiku mwambie mumeo kwamba uliacha. Alikuoa ukiwa umemwambia kila kitu, usianze kumpunguzia sasa.

Mama mkwe msimngoje mpaka ashuke na mkoba akitafuta fundi asiyekuwepo. Pandeni boti mwende kwake nyinyi wawili. Mudrick aanze kusema, mama ni wake. Kisha wewe nyoosha vidole, mwambie, "Mama, hii haikuwa hina. Ni alama ya dawa, na dawa hii ndiyo iliyonichezesha harusini kwako." Atashtuka. Huenda akanuna siku mbili. Muache anune, ana haki hiyo, maana amezunguka kijiji kizima anatangaza. Lakini mwanamke aliyeunyanyua mkono wako mbele za watu hakuwa ananyanyua ukucha, binti yangu. Alikuwa anamnyanyua mkwe wake. Mpe nafasi akunyanyue tena, safari hii akijua anachokisifu, na usishangae akawa yeye ndiye wa kukuuliza kwa simu kila jioni, "Umemeza?"

Sasa punguza redio, piga simu kliniki.