Mbegu za Pesma za Mteremko wa Baba

Breb, Maramureshi
9 Septemba 2004

Mpendwa mdogo wangu Gavrila,

Salamu nyingi zikufikie huko Uhispania, wewe na Lukretia na watoto. Hamjambo? Mgongo wako je, bado unakusumbua kwa kubeba matofali? Sisi tu wazima. Mama macho yamepungua nguvu, lakini ulimi ungali mkali, na ugali wake na jibini anaumaliza.

Barua yako niliipata Jumanne ya wiki iliyopita. Niliisoma mara mbili, kisha nikaifungia kabatini nisije nikaitia motoni. Nimeudhika, Gavrila, wala sitaficha.

Kwanza hizi mbegu. Hii ni mara ya tatu unaniomba mbegu za pesma, na mara ya tatu unanilaumu kwamba nakutumia mbegu mfu. Hazikufa, unaziua wewe! Umezitia kwenye chungu cha udongo mnono, ukamimina mbolea, ukaziweka sebuleni zipate joto. Pesma ni ua la mteremkoni, ndugu yangu. Linataka udongo maskini, jua na upepo, na mbegu yake haiamki mpaka ionje baridi kali. Kama huko hakuna theluji, si mna friji? Zichanganye na mchanga wenye unyevu, uziache humo wiki sita. Zikishaota usizihamishehamishe, mzizi wa pesma huenda chini sana. Haya ningemweleza mgeni, si wewe uliyekulia hapa.

La pili ndilo lililonikata maini. Katika bahasha ileile unamolilia ua, umetia karatasi yenye saini yako na muhuri, kumruhusu binamu yetu Nichita aulime mteremko wa baba apande viazi. Sasa hiyo pesma unadhani inaota wapi? Ardhi iko kwa jina lako, najua. Lakini plau ikipita pale mara moja tu, mimi na wewe tutazeeka hatujaliona tena ua hilo.

Nichita alikuja Jumapili baada ya ibada na chupa ya pombe ya plamu. Trekta lake jipya aliliegesha langoni ili tulione vizuri.

"Dada Palagia, karatasi ya Gavrila imefika? Nataka nilime kabla ya theluji."

Bila kugusa habari ya karatasi, nikamwambia pale pana majani ya ng'ombe na pesma. Akacheka. "Maua hayashibishi, dada! Viazi ndiyo chakula."

Mama akadakia kutoka kwenye benchi lake: "Na koo lako utotoni lilipona kwa viazi? Si ulisukutua maji ya pesma yangu hapahapa, huku unalia kama mbuzi!"

Nichita akajimiminia pombe yake mwenyewe. Mama akanigeukia mimi. "Na huyo wa Uhispania, nilimzaa au nilimwokota?"



Mwaka huu mteremko nimeukata peke yangu kwa mundu mrefu wa baba, baada ya sikukuu ya Mtakatifu Petro, mwishoni mwa mwezi wa sita, kama alivyotufundisha. Kona ya juu niliiacha mpaka mwisho mbegu zikomae, nikayageuza majani palepale ili zidondoke. Nyuki walijaa, na sufu ya Mama imepata rangi yake ya manjano kutokana na pesma. Lakini nina miaka hamsini na minane, na mabega haya si ya chuma. Mteremko usiokatwa huliwa na vichaka. Nichita hunikumbusha hivyo, na ni kweli, na ndiyo maana ananikera zaidi.

Bila shaka umeshaona kwamba mbegu nimezifunga kwenye karatasi yenye saini na muhuri. Ndiyo hiyohiyo, Nichita hajaitia machoni. Ukitaka mteremko ulimwe, mletee mwenyewe kwa mkono wako, mwezi wa saba. Pitia kwanza kule juu pesma ikiwa imechanua, ndipo umkabidhi, kama utaweza. Mundu nimeshaunoa.

Nisalimie Lukretia, Raresh na Sanda wetu mdogo. Shangazi Ilka anawasalimu, na hata Nichita, kwa kuwa ni ndugu. Mungu awafunike kwa mkono wake na awafungulie njia ya nyumbani.

Mama ameniagiza niandike kwamba macho yake yatamfikisha mwezi wa saba. Zaidi ya hapo haahidi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Palagia