Makanisa ya Kuchimba mu Mwamba

Addis Ababa, 6/10/2025

Baba yangu mupendwa,

Jambo baba. Kifua namna gani? Mvua ilishaanza kwetu ku Ruashi? Mimi niko muzima, kazi ya hoteli inaendelea.

Patron wa hoteli amenipa konje, siku za kupumzika, mwezi wa kumi na moja. Twende pamoja Lalibela, ku milima ya inchi hii. Kule bantu ba zamani balichimba makanisa mu mwamba muzima, kuanzia juu kushuka chini. Wewe ulichimba shaba miaka makumi tatu. Nitamuonyesha nani mwingine? Tikiti yako nimekata.

Mutoto yako, Wivine

Ruashi, 19/10/2025

Mwanangu Wivine,

Tuko bazima. Kaka yako Liévin anakusalimia, ijapo amekasirika. Anasema, "Papa, na kifua hii utaenda kufwa ku milima ya bantu." Nikamujibu, "Mu shimo nilishuka kila siku, hukulia." Munganga amenipa dawa, akasema nipande polepole. Kila asubui natembea mpaka ku soko na kurudi, juu miguu izoee. Paspoti niko nayo.

Baba yako, Mukuka

Addis Ababa, 2/11/2025

Baba,

Salamu nyingi, na pole. Patron amefuta konje yangu, wageni ni bengi. Nililia mu jikoni. Tungojee mwaka kesho. Tafazali usikasirike.

Mutoto yako, Wivine

Ruashi, 3/11/2025

Mwanangu,

Salamu yako imefika mu telefone, usilie tena. Mwaka kesho nitakuwa na miaka makumi saba na mbili, na hakuna muntu aliniahidi nitaifikia. Nakuya. Utanilaza siku moja kwako, kisha nitaendelea peke yangu.

Baba yako

Lalibela, 12/11/2025

Wivine wangu,

Jambo mama. Nimefika muzima. Kifua inapiga kelele, lakini nilipumzika mara ine, nikashuka ku makanisa.

Nilivua viatu, nikaweka mukono ku ukuta. Alama za vyuma ziko pale, moja-moja, sawa vile fundi ametoka jana. Nikamuuliza kiongozi wa wageni, "Mawe yote balitupa wapi?" Akacheka: hakuna mugeni alishamuuliza ile. Mwanangu, sisi ba shaba tulitosha mawe inje, tukabakisha shimo. Hawa balitosha mawe, balibakisha nyumba ya Mungu. Nilikaa chini, machozi ikatoka, sikuficha.

Kanisa moja sijaingia bado, nakungojea wewe. Nimemuambia mwenye nyumba ya wageni ya kwamba silali hapa kwa kupita: nabakia mpaka siku ya mungu, siku ya misa. Muambie patron baba yako iko mu mulima na kifua mubaya, kama anataka ushahidi nitamukoholea mu telefone. Ndege ya kutoka kwako kuya huku ni asubui. Panda.

Baba yako