Mwewe Niliyemsingizia

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, kikohozi kimekupa likizo na wajukuu wanakuacha upumue. Mimi sijambo, ila macho hayaoni tena tundu la sindano, na cherehani nimeifunika shuka tangu mwezi juzi.

Nakuandikia habari za kuku. Yale mayai sita uliyonikabidhi, ya mwisho ya mbegu ya kishingo aliyotuachia mama, nilimwekea yule tetea mweusi ninayemwita Mama Mkali. Nilimtandikia vipande vya vitambaa kwenye kona ya karakana, nikafuata maagizo yako yote: nisimsogeze, nisimchungulie kila saa, nisijitie ukunga. Siku ishirini na moja aliatamia, akitoka mara moja tu kwa siku kula na kunyoosha miguu. Nilikuwa nakaa naye humo, nikimsimulia vituko vya wateja wangu wa zamani. Alinivumilia kuliko watu wengi.

Mayai matatu yaliviza. Matatu yakatoa vifaranga, wote shingo wazi kama alivyopenda mama. Niliwawekea maji kwenye kisahani chenye kokoto wasije wakazama, nikawapa chenga za mahindi, na mchana niliwafunika pamoja na mama yao kwa tenga, mwewe asipate pa kutia kucha. Jirani yangu kinyozi alikuja kuwaona, akauliza ni nani aliyewanyoa vibaya hivyo, maana yeye hahusiki.

Uliponipigia simu nilikuambia mmoja kachukuliwa na mwewe. Ukanipa pole, ukasema ndiyo mambo ya kufuga. Dada, njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika mwisho. Mwewe nimemsingizia.

Siku ya nne nilimchukua mmoja nikaingia naye ndani. Tangu wifi yako afariki, nyumba hii imekuwa kimya mpaka nasikia friji ikiguna. Nilimweka kwenye boksi la nyuzi, chini ya taa, kando ya kitanda, nikamlisha kwa mkono. Alikuwa akilia, nikisema naye ananyamaza. Nilijiambia ni siku moja tu, zikawa tano. Nilipomrudisha, Mama Mkali hakumjua tena. Alimdonoa kichwani mara tatu kabla sijawahi kuinama. Nilipomwokota alikuwa bado na joto.

Sikukuficha kwa sababu ya kuku. Kuku hufa, na wewe unajua hivyo kuliko mimi. Niliona haya. Mtu mzima, mwenye watoto watatu wanaonikumbuka sikukuu kwa sikukuu, nimemwibia kuku mwanawe ili nipate wa kusema naye. Nina upweke, dada. Sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu.

Wawili waliobaki wana afya, na mmoja ameanza kuota kilemba cha jogoo, kwa hiyo huenda mbegu ya mama haijakatika. Ulisema utamtuma dereva wa basi aje kuwachukua. Usimtume. Njoo mwenyewe, ulale hata siku tatu. Ukija na haraka zako, kuku sikupi.

Wabusu wajukuu, na shemeji mwambie namsalimu sana. Unisamehe.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi