Kuponda au Kurusha

Jumanne, 17 Februari 1987

Zimefika! Mashine mbili za Monsieur Hubert, zimeshushwa hapa Kasungami, mbele ya zizi. Mzungu anauza shamba lake, anarudi kwao. Amesema tuzijaribu zote, kisha tuchague. Uwezo wetu ni wa moja tu. Nyingine itakwenda kwa mkulima wa njia ya Kipushi.

Ya kwanza inakata majani na kuyaponda katikati ya rola mbili. Ya pili, faneuse, ina vidole vya chuma — inayarusha na kuyapindua majani yaliyokwisha kukatwa. Kazi yao ni ile ile: yanyauke upesi kabla mvua haijarudi, tuyafunge marobota, tuyatie kwenye mifuko ya plastiki bila hewa, yachachuke humo. Silaji ya kiangazi. Mwaka jana Malkia alianguka mwezi wa tisa, mbavu nje, ndama tumboni. Sitaki kumlilia ng'ombe tena.

Liévin amekwisha kuanza. Mume wangu amekulia karibu na mitambo ya shaba. Kwake kila kitu duniani dawa yake ni kupondwa. "Mama Kapya, ile ya kuponda njo yenyewe. Hii majani iko na miguu nene!" Nikamwambia ng'ombe hawali mawe.

Jumatano, 18 Februari

Mungu wangu! Sijui niandikeje. Nusu ya shamba tumekata kwa ile ya kuponda. Inanguruma, inatema majani yaliyolowa, basi. Nusu nyingine tumekata kwa mashine yetu ya zamani, kisha Mwaba, dereva wetu wa trekta, akafunga faneuse. Majani yakaruka! Yote hewani kwa pamoja, jua likipita katikati yake, harufu tamu kila mahali. Mimi, mtu mzima, nimesimama mdomo wazi mpaka mdudu akaingia! Mwaba alicheka hadi akazima trekta. Liévin alikuwa upande wake, ameinama, anapapasa mabua.

Alhamisi, 19 Februari

Jua kali. Nimefikicha majani ya upande wangu, ya faneuse — yanalia kwa ukavu! Ya Liévin yamelala tu, kama nguo chafu. Tangu usichana nimekausha mboga juu ya bati. Mama alinifundisha: jani likilia, anua. Liévin anasema jani si kitu, tungoje. Tungoje nini?

Jioni nimempa Monsieur Hubert neno langu: faneuse. Akauliza, na ba Liévin anaonaje? Nikajibu ng'ombe ni wangu, nimewarithi kwa baba. Liévin alikuwa amesimama pale pale. Akachukua ndoo, akaenda zizini.

Ijumaa, 20 Februari

Liévin hajaitaja mashine hata mara moja. Amekula, amesema asante, amelala. Bora angegomba! Kesho, salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, ikiisha, tutafunga marobota.

Jumamosi, 21 Februari

Mawingu upande wa Kipushi. Nimeshuka shambani mapema kuyapapasa majani yangu mara ya mwisho, na sijui kwa nini nikavunja bua, kwenye fundo. Maji! Yametiririka kiganjani. Jani kavu kabisa, bua bichi ndani utadhani limekatwa sasa hivi. Nikakimbia upande wa Liévin. Huko bua limepasuka toka juu mpaka chini, limenyauka sawasawa na jani lake. Nikapiga magoti pale pale. Bua moja tu — Mungu ameficha maji yote hayo humo ndani! Na mimi siku zote hizi nilikuwa natazama yanayoruka angani.

Upande wangu nikiufunga hivi utaoza mifukoni. Na mwaka ujao vile vile, na ule mwingine. Narudi nyumbani mbio — lori la yule mkulima wa njia ya Kipushi limekwisha kubeba ile ya kuponda, limeondoka!

Halikufika mbali. Siku ya salongo hapiti mtu. Limesimamishwa hapo barabarani, na dereva amepewa koleo, azibue mfereji wa serikali na wenzake. Mimi nimeruhusiwa kubaki kwa sababu ya maziwa. Nawaona toka dirishani. Liévin yuko mbele ya lori kabisa na jembe lake. Niende nimwambie nini mbele ya watu wote? Kwamba alikuwa na haki? Neno hilo halijawahi kutoka kinywani mwangu tangu tufunge ndoa. Naona haya. Naandika badala ya kwenda, ndiyo ujinga wangu.

Filimbi! Salongo imekwisha. Wanafuta majembe, wanatawanyika. Dereva amepanda, amewasha moto.

Lakini Liévin — hachimbi mfereji tena. Anachimba barabara! Katikati, mbele ya magurudumu! Honi. Mwaba anamvuta mkono, yeye anajitoa. Dereva ametoa kichwa nje: "Tata, salongo ilisha kuisha! Toka!" Hasikii. Anachimba tu, na kila akiinua jembe anatazama huku, dirishani kwangu, kama anayengoja neno langu.