Injini ya Koili Nne

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mimi Mukhwana nilizaliwa siku Mungu anagawa bahati, na nikapanga laini mara mbili. Nani mwingine kama mimi? Novemba iliyopita, kwa posho mill ya Burnt Forest, stima ya three-phase, ule umeme mkali wa mashine kubwa, ilinitupa mpaka kwa magunia ya mahindi. Niliamka, nikapangusa unga, nikamaliza kufunga mota, nikaenda kula. Sina hata alama. Watu wa huko bado wananiita Lazaro.

Leo bahati imekuja na miguu yake. Madam Jepkosgei, mwalimu wa physics kule Cheptiret, ameingia kwa kibanda changu hapa Langas na picha kwa simu. Injini ndogo, haina petroli, haina moshi. Koili nne za stima zinavuta vyuma vinne, kila kimoja kwa zamu yake, na gurudumu linazunguka. Anataka moja ya kufundishia wasichana wake, Ijumaa ya wiki ijayo. Na niende mwenyewe nizungushe koili moja mbele ya darasa, waone fundi wa rewinding, mtu wa kuzungushia mota waya mpya, akifanya kazi.

Nikamwambia hizo nimetengeneza mpaka nikachoka, Kampala na Juba. (Sijawahi. Lakini Juba nimekaa miaka miwili, hiyo ni kweli.)

Jumatano, 5 Machi

Vyuma viko tayari — boliti nne nilizokata vichwa, nikazipiga msasa mpaka zinateleza ndani ya paipu ya plastiki. Vijiti vya kuunganisha ni spoku za baiskeli. Gurudumu limetoka kwa cherehani iliyokufa. Gerishon, mwenye hardware hapa jirani, amesimama mlangoni akauliza kama hiyo kitu itasaga mahindi ama itataga mayai. Nikamwambia itaanza na ndevu zake.

Koili ya kwanza imekatika mara tatu. Waya za siku hizi!

Kazi yenyewe iko hivi: mkono wa kushoto unazungusha krenki, wa kulia unashika waya kati ya kidole gumba na jirani yake. Hutazami. Vidole ndivyo vinakuambia waya imekaza, imelegea, imepanda juu ya mwenzake. Miaka kumi na tisa nimefanya hivyo nikipiga stori na wateja. Leo nimetazama mpaka macho yakatoa machozi, na bado ikakatika.

Ni baridi. Asubuhi za Eldoret zinaua vidole.

Saa nane mchana jua lilikuwa kali. Ikakatika tena.

Jumamosi, 8 Machi

Koili zote nne tayari. Amezungusha Linah, mke wangu.

Alikuja kuleta chai, akanitazama kidogo, akasema nisogee. Anasuka watu nywele tangu kabla tuoane. Raundi mia tano kila koili, akihesabu polepole kwa Kibukusu, na waya imelala laini moja moja, hakuna iliyopanda juu ya nyingine. Alisema hii ni rahisi kuliko nywele kwa sababu koili hailii ukiivuta. Nikasema ni vile amepata mwalimu mzuri.

Halafu akauliza, bila kuinua macho, mbona tangu Krismasi mota ndogo zote nawapelekea mafundi wa town, mimi nabaki na zile kubwa. Nikamwambia bosi huchagua kazi. Akauliza mbona vifungo vya shati nafunga na mkono wa kushoto. Nikasema niliona matajiri wa Kampala wakifanya hivyo.

Alicheka. Lakini alichelewa kidogo kucheka.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani tuliambiwa tusalimiane. Nilishika mkono wa mzee wa kanisa. Nilijua nimeushika kwa sababu nilikuwa nautazama.

Leo sitaki kuandika zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Inazunguka! Inazunguka yenyewe, hakuna mtu ameigusa!

Jana yote ilikuwa inatetemeka tu kama mtu wa malaria. Betri ya bodaboda imejaa, koili zinavuta, lakini gurudumu linaenda nusu na kurudi. Nikaacha spana chini, nikakaa karibu saa nzima naitazama. Ndio nikaona: koili ya tatu ilikuwa inashika wakati chuma chake kinataka kutoka. Kuvuta si shida, kila koili inajua kuvuta. Shida ni kuachilia. Leo asubuhi nikageuza kile kiduara cha kwa gurudumu kinachobonyeza swichi za koili kwa zamu, robo hivi. Nikasukuma gurudumu kidogo — tak tak tak tak — na ikaondoka.

Gerishon ameacha mteja wa misumari akaja kutazama. Ameinama mpaka ndevu zikakaribia gurudumu. Halafu akasema, "Injinia, shule ilipoteza mtu." Mimi niliacha darasa la saba. Nikamwambia niliachia wengine nafasi. Lakini moyoni nilifurahi sana, na pia niliumia, na sikujua ni gani ilianza.

Imebaki kitu moja. Ijumaa, mbele ya wasichana arobaini, nizungushe koili. Nikimaliza moja bila kukatika, basi mkono ni mzima na mimi ni mjinga wa kujitisha. Ikikatika, mimi si fundi tena. Ni mtu wa kupiga stori kwa kibanda.

Nimejaribu jioni. Sitaandika ilikuwaje.

Ijumaa, 14 Machi

Mwandiko ni mbaya. Naandika na kushoto. Niko kwa benchi ya hospitali, town, na daftari nimelitoa kwa begi ya spana.

Injini haikuniaibisha. Wasichana walipanda juu ya viti ndio waone. Mmoja akauliza nguvu inatoka wapi kama hakuna moto ndani. Nikawaeleza vizuri, bila mzaha: stima ikipita kwa waya iliyozungushwa, ile waya inakuwa sumaku, inaita chuma, stima ikikatika, inakiachilia. Nikaona usoni wameelewa. Dakika kumi nilikuwa mwalimu, mimi wa darasa la saba.

Halafu ikasimama. Swichi moja ilikwama, koili yake ikabaki na stima. Sikushtuka. Niliishika injini na mkono wa kulia, vidole juu ya hiyo koili, nikaendelea kueleza. Stori ilikuwa tamu. Harufu ikaanza. Nikawaambia hiyo ni vanishi ya waya, ni kawaida. Madam Jepkosgei alitoka nyuma ya darasa haraka, akang'oa waya kwa betri.

"Fundi, toa mkono."

Nikautoa. Ngozi ya vidole viwili ilibaki kwa koili.

"Kwani husikii uchungu?"

Nikasema ngozi ya fundi ni kama tairi. Wasichana arobaini, na hakuna hata mmoja alicheka.

Amenileta na gari yake. Daktari, kijana mpole, amenifunga bandeji kisha akasema nifumbe macho, niseme ndiyo kila akinigusa na pamba pale kwa mkono ambapo hapajaungua. Nikasema ndiyo mara sita. Nikafumbua macho. Pamba ilikuwa bado kwa sahani. Alikuwa hajaanza.

Akauliza hii imeanza lini. Nikasema leo, ni huo moto. Hakuandika. Alisema nikae nje, anaita mkubwa wake, na huyo atauliza tena.

Linah ndiye huyo kwa geti. Madam alimpigia simu. Bado amevaa aproni ya saluni, amebeba sweta yangu, mlinzi anamwonyesha huku. Atakaa hapa kando yangu. Hatapiga kelele, sio mtu wa kelele. Atashika huu mkono juu ya bandeji na ataniuliza ni tangu siku gani.

Hiyo bahati niliandika ni uongo. Stima ya Burnt Forest iliua huu mkono, na nilijua jioni hiyo hiyo ya Novemba.