Kitindamimba Anahama Chuo

Jumatatu, 4 Agosti
Mizigo miwili ya majani kabla ya saa moja. Malkia anakula kwa fujo. Ana mimba, atazaa Oktoba, na anadeka kama ng'ombe wa kwanza duniani kuzaa.
Nikashuka Moshi kuchukua matokeo. Nimeongoza darasa. Sikufurahi. Kuongoza darasa ambalo nusu yao hawahudhurii si sifa.
Chuo kikuu kule Dar kimefungua dirisha la uhamisho. Uhandisi, kuingia mwaka wa pili. Wanachukua wachache mno. Nataka. Naandika hapa ili nisijidanganye: nataka.

Jumatano, 6 Agosti
Wanahitaji barua ya tabia njema, ya mwenyekiti wa kijiji au kiongozi wa dini. Mwenyekiti ni mjomba. Nikimwambia mjomba asubuhi, Mama anajua kabla chai haijachemka. Sitaki ajue. Si sasa.
Kaka zangu wawili wako Mwanza na Tunduma, wana nyumba zao. Mimi ndiye kitindamimba. Kihamba, shamba letu la nyumbani, ni changu, na Mama yumo humo. Ndivyo ilivyo kwetu, hakuna aliyewahi kuniuliza. Baba amezikwa pale kwenye migomba, alikufa akijua nitabaki. Hata chuo cha hapa mjini nilikichagua kwa sababu hiyo.
Nitaenda kwa mchungaji.

Ijumaa, 8 Agosti
Mchungaji kaandika ukurasa mzima. Kanisifu mpaka nikaona haya. Nimesahau kumwambia ni siri, nimekumbuka nikiwa nimeshafika nyumbani. Aa, mchungaji ana mambo mengi.
Maombi nimetuma saa tisa. Nikatazama mlangoni kama mwizi.

Jumapili, 10 Agosti
Aibu.
Matangazo kanisani. La kwanza, darasa la kipaimara. La pili, mzee wa kanisa akavaa miwani, akasoma: "Tumwombee kijana wetu Elibariki, anayeomba kuhamia chuo kikuu Dar es Salaam." Watu wote wakanigeukia. Mama hakugeuka. Alishika kitabu chake cha nyimbo, akatazama mbele.
Nje, kwenye mnada wa mazao ya sadaka, kina mama walimpongeza mmoja mmoja. Aliwaitikia wote. Kisha akashindania mkungu wa ndizi ambao hatuuhitaji kabisa, nyumbani tuna migomba mpaka mlangoni. Akashinda. Nikaubeba mimi, mlima wote, yeye mbele.
Najichukia. Bega linauma.

Jumatano, 13 Agosti
Siku ya tatu. Anaongea na Malkia tu.
Jioni, akimenya zile ndizi za mnada, akaniuliza, "Ningekukatalia?"
"Sijui, Mama."
"Hata mimi sijui. Ila mchungaji alijua. Mzee wa kanisa alijua. Mimi nikajulia kwenye benchi, pamoja na wageni."
Akanipakulia mtori wa ndizi hizo. Nikaumaliza wote, kwa woga.

Alhamisi, 28 Agosti
Hakuna jibu. Nafungua simu kila dakika. Nimeziba uzio ambao haukuwa na tundu. Nimegombana na jogoo.

Jumanne, 9 Septemba
Nimepata!
Niliruka, halafu nikakaa chini. Nikamwambia Mama kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa anazoa samadi bandani. Akaegemea koleo.
"Lini?"
Nikasema katikati ya Oktoba.
"Malkia anazaa wakati huo."
"Najua, Mama."
Akaendelea kuzoa.
Kaka wa Mwanza kapiga simu. Eti kihamba namwachia nani? Nikamkatia. Alipoondoka yeye aliulizwa na nani? Nina hasira. Na bado sijui Mama atabaki na nani.

Alhamisi, 2 Oktoba
Begi nimelipanga, nimelipangua. Nimelipanga tena. Mama kapita mlangoni, kalitazama, kaenda zake. Ningependa anigombeze.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimeamka saa kumi na moja nikakate majani. Mundu haupo. Kamba haipo.
Nikamkuta Mama anapanda kutoka mferejini, mzigo kichwani. Mdogo, umefungwa vibaya, majani yanadondoka njiani. Hajabeba majani tangu nikiwa darasa la sita, nilipompokea kazi hiyo. Nikanyoosha mikono.
"Acha," akasema. "Naangalia kama naweza."
Alipumzika mara mbili kabla ya kufika bandani. Nilitembea nyuma yake mikono mitupu. Sikujua niiweke wapi.
Malkia akala ule mzigo, akaumaliza, akageuka kunitazama mimi.
Mama akachukua mundu, akarudi mferejini kwa mzigo wa pili.